Hatua Kumi na Saba za Musyoka

Musyoka,

Nianze na habari ya seva, kwa sababu najua ndiyo ungeuliza kwanza. Iko hai. Watu wa Kalamba wanapata ujumbe wao wa maji, watu wa Kambu wameongezwa, na ofisi bado iko pale pale Sultan Hamud, juu ya duka la mabati, na joto lake lile lile la saa nane mchana.

Ni miezi minane tangu tukuzike. Siku ya mazishi mama yako aliniuliza swali moja, nami nikamjibu uongo. Barua hii ni ya jambo hilo. Lakini wewe hukupenda mtu aanze na machozi kabla ya kueleza nini kimeharibika, kwa hiyo nitafuata utaratibu.

Nitaeleza hata unayoyajua. Ni tabia mpya ya ofisi: tunaandika kila kitu kana kwamba atakayesoma ameanza kazi leo asubuhi. Wewe ndiye uliyetufundisha hivyo, kwa njia ambayo singeichagua.

Basi. Kampuni yetu ilikuwa na watu saba, mkurugenzi akiwemo, na programu moja. Kamati za visima zinatuambia kisima kipi kitapampu maji siku gani, na programu inawatumia watu ujumbe kwenye simu, ili mtu asitembeze punda wake masafa yote yale akute mfereji umefungwa. Mimi na wenzangu watatu tulikuwa tunaandika programu. Wewe na Nduku mlikuwa mnaitunza ikishafika kwa watu: seva, simu za malalamiko, lawama. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa plaiwudi aliougongomea mkurugenzi ili, alivyosema, kila upande upate utulivu wa kufanya kazi. Upande wetu ulipata feni. Upande wenu ulipata dirisha la barabarani na vumbi la malori ya Mombasa.

Ijumaa mchana tulikuwa tunakuletea kazi ya wiki tatu kwa mkupuo mmoja, kisha tunaenda nyumbani. Wewe ulibaki kuipandisha, yaani kuitoa kwenye mashine zetu na kuiweka kwenye seva ambako watu wanaitumia. Ulifanya kwa mkono. Ulikuwa na daftari lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na ndani yake hatua kumi na saba. Zima hiki, nakili kile, badilisha jina la faili hili. Hatua ya nane ilisema tu "Pole pole." Kitu kikiharibika, ulisikia wewe kwanza kwenye simu, wala siyo mimi niliyekiharibu. Mimi nilisikia Jumatatu, kama habari za watu wengine.

Utakumbuka niliporudi kutoka kwenye warsha moja Nairobi nikiwa na neno DevOps mdomoni. Nilikueleza kwamba kampuni za programu zinazofanya vizuri zimeacha kutenganisha wanaoandika na wanaotunza. Hatua zote za kupandisha zinafanywa na mtambo, mabadiliko yanapanda madogo madogo kila siku badala ya mlima mmoja wa Ijumaa, na yeyote kwenye timu anaweza kuyapandisha au kuyarudisha. Ulisikiliza hadi mwisho, ukasema hilo jina ni la dawa ya kuogeshea ng'ombe wenye kupe. Nduku alicheka hadi akamwaga chai.

Kisha ukasema, "Mwende, mashine itaweza kumi na sita. Ya kumi na saba haiwezi." Nilidhani ni kiburi cha mtu anayeogopa kubaki bila kazi. Nilikwambia hivyo, tena mbele ya watu, na wewe ukarudi upande wako wa plaiwudi.

Mkurugenzi naye alisema kujenga mtambo kama huo kungetuchukua miezi miwili bila kutoa kitu kipya, na kwani Musyoka ameenda wapi? Musyoka yuko. Huo ndio uliokuwa mpango wa kampuni.

Ukaugua moyo. Hospitali ikakuruhusu urudi kwa Mwaitu pale Kalamba, ukiwa umeagizwa kupumzika na kutofanya chochote. Mwaitu ni mama tu kwa Kikamba, na ofisi nzima tulimwita hivyo kama vile ametuzaa sote, kwa sababu ya zile mbaazi alizokuwa akitutumia kwa ndoo.

Alhamisi ile kamati ya Kalamba ilipiga simu. Pampu moja ilikuwa imeungua na ratiba yote ya maji ilikuwa imegeuka, kuanzia kesho yake, na programu yetu haikuweza kubeba ratiba ya namna hiyo bila kubadilishwa. Niliibadilisha kwa saa mbili, nikajisikia fundi. Halafu kazi yangu ikakaa kwenye mashine yangu haina wa kuipandisha. Nduku alijaribu kwa daftari lako akafika hatua ya tano. Paswadi ya hatua ya sita ilikuwa kichwani mwako. Saa nane na dakika hamsini nikakupigia.

Hukusema hapana. Ulisema, "Tuma, nione." Sauti ilikuwa chini sana. Nyuma yako nilisikia wanawake wakiimba na kitu kama majembe, nikafikiri ni redio. Ulizifanya hatua zote. Ilikuchukua saa moja na nusu, na nilikuandikia mara mbili kuuliza umefika wapi. Saa kumi na dakika ishirini watu wakapata ujumbe, Ijumaa wakapata maji, Jumapili ukafariki.

Ndugu yako alituambia daktari alisema ingekuwa vile vile hata kama ungelala bila kukunja kidole. Namwamini daktari. Ila saa moja na nusu ile ilikuwa yako, na ulikuwa umebakiwa na chache, nami niliichukua kwa sababu tulikuwa tumekaa miaka mitatu bila kujifunza kufanya bila wewe.

Baada ya mazishi hatukubadilisha hata nukta kwenye seva kwa wiki sita. Tuliogopa kuigusa. Siku moja mkurugenzi alitoka ofisini kwake akaanza kusema, "Mwambieni Musyoka," akasimama hapo hapo, akateremka ngazi. Aliporudi alikuwa na nyundo aliyoazima duka la chini. Aling'oa ule ukuta mwenyewe, vibaya, na tai yake shingoni, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Misumari mingine bado tunaikanyaga.

Tukaketi meza moja. Nduku alisoma hatua zako kwa sauti, na mimi nikaziandika kwa lugha ambayo mashine inaelewa. "Pole pole" ilitushinda siku mbili. Mwishowe Nduku akagundua kwamba ulikuwa unangoja ujumbe ulioko kwenye foleni uishe kutoka kabla ya kuzima, la sivyo watu wengine wanaupata mara mbili na wengine hawaupati kabisa. Ulijua hilo kwa sababu watu hao walikupigia wewe. Sisi hawakuwa wametupigia.

Sasa wanatupigia. Simu ya malalamiko inazunguka, wiki kwa wiki, na wiki ya kwanza ilikuwa yangu. Mzee mmoja alinipigia siku tatu mfululizo kuniambia jambo moja, kwa adabu kubwa, kwamba ujumbe wa Jumamosi humfikia Jumapili akiwa kanisani. Siku ya nne nililirekebisha. Ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Nilipoangalia orodha za zamani ulizokuwa unatuletea, jambo hilo lilikuwemo, kwa mwandiko wako, na mimi ndiye niliyelisukuma chini kila mara kwa sababu halikuwa na mvuto.

Kwa hiyo hali ni hii. Mabadiliko yanapanda madogo, hata mara tatu kwa siku, na Ijumaa ni siku tu kama nyingine. Kabla ya kupanda, mtambo unayajaribu wenyewe, na yenye kasoro yanarudi kwa aliyeyaandika badala ya kumfikia mtu na punda wake. Yakipita na bado yakaleta shida, kitufe kimoja kinarudisha ya jana. Paswadi ziko mahali ambapo watu watatu wanaweza kuzifikia. Kambu walikuja kwetu kwa sababu waliomba kitu Jumatatu wakakiona Jumatano, na mkurugenzi, yule wa miezi miwili, anawasimulia wageni mambo haya kana kwamba aliyaota yeye. Ungemcheka sana.

Lakini hatua ya kumi na saba tuliiruka. Daftari lilisema, "Uliza Mwaitu." Tulidhani ni jambo lako la nyumbani lililopotea njia likaingia ukurasa wa kazi, kama mtu anavyojiandikia asisahau sukari.

Baadaye nikaamua kusafisha orodha ya visima. Niliondoa majina niliyoyaona ya ovyo ovyo nikaweka namba rasmi, zile zilizo kwenye karatasi za kamati. Mtambo ulijaribu kila kitu ukasema ni sawa. Asubuhi yake vijiji viwili vikapata ujumbe kwamba maji yako kisima namba nne. Hakuna mtu Kalamba anayekijua kisima namba nne. Wanakijua cha kwa Kilonzo, na kile cha chini ya kanisa. Wengine wakaenda huku, wengine kule. Simu ilikuwa ya Nduku wiki hiyo. Aligeuza tu kiti, maana hakuna ukuta, akaniuliza, "Mwende, namba nne ndio wapi?"

Nikarudisha ya jana kabla chai yake haijapoa. Enzi za daftari ingetuchukua siku nzima, na ungeifanya wewe peke yako huku sisi tukila chakula cha mchana. Hata hivyo kuna mama alikuwa ameshafika kisima ambacho si chake na mitungi minne mitupu. Nilimpigia kumwomba radhi. Alisema hakuna neno, na nikajua kuna neno.

Ndipo tukampigia Mwaitu kumuuliza alikuwa anaulizwa nini. Akaeleza kama mtu anayeshangaa kwamba hatukujua. Kila mara, kabla ya kumaliza, ulikuwa unamtumia ujumbe yeye peke yake kwanza, kisha unampigia kumuuliza ameelewa nini. Hukumuuliza kama ameelewa, maana hapo kila mtu husema ndiyo. Asipokueleza sawasawa, ulikuwa unaandika upya. Wataalamu wa Nairobi wanafundisha jambo hilo kwa picha na mishale: tuma kwa wachache kabla ya kutuma kwa wote. Wewe ulikuwa na mama.

Sasa limo ndani ya mtambo. Ujumbe wa aina mpya unaenda kwanza kwa simu kumi, ya Mwaitu ikiwa ya kwanza, kisha mtambo unasimama na kungoja. Mtu akijibu moja, ameelewa. Akijibu mbili, tunampigia, na hata wa moja tunawapigia wawili watatu watueleze wameelewa nini. Mwaitu ametujibu mbili mara mbili tayari, na mara zote mbili alikuwa na haki. Wewe pia ulikuwa na haki. Mashine haiwezi ya kumi na saba, inaweza tu kumngojea anayeiweza. Nilisema maneno yale juu yako mbele ya watu, kwa hiyo nimeyafuta mbele ya watu hao hao, siku ya mkutano, nikiwa nimesimama.

Bado jambo moja.

Kitu kikiharibika siku hizi tunaandika ripoti, nayo ina sheria moja: haitafuti wa kulaumiwa. Inasema kilichotokea, saa ngapi, kwa nini kilikuwa rahisi kutokea, na tutabadilisha nini. Sababu ni kwamba mtu akiogopa lawama ataficha, na tukifichana hakuna kitakachotengenezwa. Naiamini sheria hiyo kabisa. Ya kisima namba nne niliiandika mwenyewe na jina langu juu, na hakuna aliyeninyooshea kidole.

Halafu nikajaribu kuandika ya Alhamisi ile. Niliandika ukuta. Niliandika paswadi iliyokaa kwa mtu mmoja, na mpango wa kampuni ambao ulikuwa ni afya yako. Yote kweli. Ilikuwa ripoti nzuri, ningeweza kuisoma kwenye warsha. Nilipofika kwenye mstari wa saa nane na dakika hamsini nikaandika kwamba mgonjwa alipigiwa simu na ofisi, nikashindwa kuendelea. Ofisi haina mdomo. Na pale kaburini Mwaitu alikuwa amenishika mkono akaniuliza, "Mwende, ni nani alimpigia mwanangu Alhamisi?" Nami nikasema, "Sijui, Mwaitu."

Huo ndio uongo wenyewe. Nimeubeba miezi minane huku nikifundisha watu wasiogope kusema ukweli.

Jumatano iliyopita niliomba ruhusa nikaenda Kalamba. Nduku alikuwa anapandisha ujumbe wa aina mpya, wa kuwaambia watu kisima kikikarabatiwa kitarudi lini. Zamani ningekaa naye. Nilizima simu yangu nikaitia ndani kabisa ya mkoba.

Mwaitu alikuwa ameketi kwenye kivuli cha jiko anaambua mbaazi. Alinivutia kigoda na kunipa sufuria bila kuniuliza nimeleta nini, tukaambua wote. Simu yake ndogo ikalia. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, akafikiri, akabonyeza moja.

"Ni Nduku huyo?" akauliza.

"Ni yeye."

"Na wewe uko hapa."

"Niko hapa, Mwaitu."

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nilisema mimi ndiye niliyempigia Musyoka Alhamisi, na nikasema saa, na kwamba nilimwandikia mara mbili kumharakisha, na kwamba pale kaburini nilimdanganya. Hakuacha kuambua. Alimaliza ganda lililokuwa mkononi.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Simu yake ilikuwa na sauti kubwa. Siku hiyo mwethya walikuwa hapa kwangu, wanachimba mitaro ile." Akaonyesha kwa kidevu ile mitaro ya kuzuia mvua isichukue udongo, mistari mitatu iliyonyooka chini ya nyumba. "Nilikuwa nimeambiwa nisishike jembe, nikae na mgonjwa. Sasa mikono yake ikawa inatetemeka, kompyuta inateleza. Nikakaa kwa kitanda nikamshikia na magoti. Yeye anaandika, mimi nashika. Ningeifunga tu. Mimi ni mama yake, ningeifunga, na sikuifunga. Nilikuuliza pale kaburini ndio nikuambie hiyo. Wewe ukasema hujui. Basi nikanyamaza na yangu."

Nililia hapo, Musyoka, na mbaazi zikaingia vumbi. Kwa hiyo haikuwa redio. Unaijua mwethya kuliko mimi, kikundi cha kulimiana kwa zamu, na aliye na mgonjwa nyumbani hata kama si zamu yake analimiwa kwanza. Wanawake kumi na wawili walikuwa nje ya dirisha lako wakichimba ili watu wa nyumba ile wasichimbe chochote siku hiyo. Ndani ya nyumba hiyo hiyo wewe ulikuwa kazini, na mama yako amekushikia, kwa sababu yangu. Na aliponyoosha mkono ili tubebe wote wawili, nilisema sijui, nikamwachia abebe peke yake miezi minane.

Hakunilaumu. Wala hakusema imekwisha. Aliosha mbaazi zile akazibandika jikoni, tukala, na wakati wa kuondoka akanifungia nyingine kwenye mfuko nimpelekee Nduku.

Ripoti nimeimaliza. Mstari wa saa nane na dakika hamsini una jina langu. Chini yake, kwa ruhusa yake, lipo la Mwaitu, aliyeshikilia kompyuta. Kwenye sehemu ya tutakachobadilisha niliandika sentensi moja, na ofisi nzima imeweka sahihi, mkurugenzi kwanza: mgonjwa hapigiwi simu.

Daftari lako nimemrudishia Mwaitu. Hatulihitaji tena, na najua hilo ndilo ungependa kusikia zaidi ya yote, ingawa ungejifanya umeudhika.

Wiki ijayo zamu ya mwethya inarudi kwake, mtaro wa nne. Nimemuahidi nitakuja na jembe na sasa nakuahidi wewe. Simu itakuwa na Nduku. Nikisikia wanawake wakiimba nitajua ni nini, nami nitakuwa nje pamoja nao.

Kaa salama huko uliko, ndugu yangu. Hapa kazi inaendelea, na wewe umeruhusiwa kulala.

Mwende